Kupiga kambi ufukweni Gombe: hema lisimame mpaka asubuhi

Wengi mnaoniandikia baada ya safari ya Gombe, hifadhi ya sokwe iliyo kando ya Ziwa Tanganyika karibu na Kigoma, mnaleta malalamiko yaleyale. Hema lilianguka usiku wa manane. Nyani walibeba mkate. Mlifika ufukweni jua linazama, mkapiga hema kwa tochi za simu, mkakesha mmeshikilia nguzo, na asubuhi mkawa mmechoka kiasi cha kushindwa kupanda mlima kuwafuata sokwe mliokuja kuwaona. Nimezisoma hadithi hizi kwa miaka kadhaa sasa, na karibu zote zina mzizi mmoja. Hema lilifungwa kukabili upepo wa jioni, wakati upepo uliokuja kuliangusha ni wa usiku, nao unatoka upande mwingine kabisa.

Hapa chini nimepanga kila kitu kwa hatua, kuanzia mjini Kigoma mpaka kurudi. Fuata mpangilio kama ulivyo. Hatua mbili za mwanzo zinaonekana ndogo, lakini ndizo zinazookoa ya sita.

## Vitu vya kuwa navyo

Kwa watu wawili, usiku mbili:

- Hema la watu watatu (siyo wawili, kwa sababu mizigo italala ndani), lenye paa la nje linalofika karibu na ardhi
- Turubai moja la kutandika chini, na jingine la kujikinga mvua
- Viroba tupu vya kilo 25, vipande 6, vile vya unga au mchele
- Kamba ya manila, mita 30, na kisu cha kuikatia
- Ndoo mbili za lita 20 zenye mifuniko inayobana
- Tranka la bati lenye kufuli, kama lile la mwanafunzi wa bweni
- Mtungi mdogo wa gesi wenye jiko juu yake, sufuria mbili, kiberiti ndani ya chupa kavu
- Mchele au unga wa muhogo, dagaa, chumvi, mawese, ndizi, tangawizi
- Maji ya kunywa lita 10 za kuanzia, na chombo cha kuwekea yaliyochemshwa
- Chandarua au hema lenye wavu mzima, dawa ya kujipaka ya mbu
- Blanketi moja kwa kila mtu, mkeka au godoro jepesi
- Tochi ya kichwani kwa kila mtu, pamoja na betri za ziada
- Viatu vya kufunika vidole, sweta, koti la mvua, barakoa
- Kitambulisho cha Taifa
- Dawa zako za kila siku, dawa ya kuharisha na chumvichumvi za kuongeza maji mwilini
- Kiroba kimoja cha ziada cha kurudishia taka

Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, kwa hiyo usifungashe nguo kwenye rambo ukidhani ndiyo kinga ya maji. Kinga yako ni ndoo. Nguo, blanketi na simu vikae ndani ya ndoo, kifuniko kibane. Wimbi likiingia kwenye boti utanishukuru.

## Hatua ya 1: Chagua tarehe kwa kuangalia mvua, upepo na mwezi

Mvua za Kigoma huanza kati ya Oktoba na Novemba na kuendelea hadi Aprili au mapema Mei. Msimu huo sokwe huonekana kwa urahisi zaidi kwa wengine, lakini njia zinateleza na vijito vya Gombe hujaa ghafla. Kama ni mara yako ya kwanza kulala hemani, usianze na mvua.

Juni hadi Agosti ni kavu, ila upepo wa kusi unavuma kwa nguvu na ziwa linachafuka. Mimi hupendelea Septemba. Kuna joto na moshi wa mashamba kidogo angani, lakini ziwa hutulia na usiku haukusumbui.

Kisha tazama mwezi. Wavuvi wa dagaa huvua kwa taa, na taa zinahitaji giza. Mwezi ukiwa mpevu wengi hupumzika. Ukitaka kuliona ziwa usiku likiwa limejaa taa kama mji uliojengwa juu ya maji, nenda mwezi ukiwa umeandama au karibu kuandama. Hiki ni kitu ambacho hakuna picha inayokitendea haki, na watu wanasafiri mpaka huku wanakikosa kwa kutoangalia kalenda.

Umefanikiwa ikiwa: una tarehe ambayo ni kavu, haina mwezi mpevu, na ina siku moja ya ziada ya kurudi endapo ziwa litachafuka. Usikate tiketi ya treni au basi ya siku ileile unayotoka Gombe.

## Hatua ya 2: Piga hema nyumbani mara moja

Hema jipya lisifunguliwe kwa mara ya kwanza ufukweni. Lipige uani, mahali penye mchanga kama panapatikana. Hesabu nguzo. Angalia kama zipu zinafunga hadi mwisho. Mwagia ndoo ya maji juu ya paa la nje, uingie ndani uone panapovuja.

Halafu lipige tena, safari hii bila kusoma karatasi ya maelekezo.

Umefanikiwa ikiwa: wawili mnaweza kulisimamisha kwa dakika kumi na tano bila kuulizana nguzo ipi inaingia wapi.

## Hatua ya 3: Vibali na malipo, ukiwa bado mjini

Gombe ni hifadhi ya taifa iliyo chini ya TANAPA, kilomita zipatazo 16 kaskazini mwa mji wa Kigoma. Hakuna barabara ya gari inayofika. Hii ina maana moja kubwa: kosa la karatasi ukiligundua ukiwa kule, huwezi kurudi mjini kulirekebisha na ukarejea siku hiyo.

Wasiliana na ofisi ya hifadhi siku kadhaa kabla. Uliza mambo manne: ada ya kuingia, ada ya kambi, ada ya mwongozaji wa kwenda kwa sokwe, na kama eneo la kambi lina nafasi kwa tarehe zako. Malipo hupitia namba ya kumbukumbu ya serikali, kwa benki au kwa simu. Lipa mtandao ukiwa mzuri, mjini, na uhifadhi risiti kwenye simu na kwenye karatasi.

Ada za Watanzania ni ndogo sana ukilinganisha na za wageni wa nje, lakini lazima uthibitishe uraia. Ndiyo maana kitambulisho kipo kwenye orodha.

Uliza pia umri wa chini wa kwenda msituni kama una watoto. Mtoto aliyesafiri siku mbili kuona sokwe, akaambiwa abaki ufukweni, ni huzuni ambayo simu moja ingeizuia.

Onyo: kama una mafua, kikohozi au homa, ahirisha. Sokwe wanaambukizwa maradhi yetu. Mwaka 1966 ugonjwa wa kupooza mfano wa polio uliwapiga sokwe wa Gombe, wengine wakafa, wengine wakabaki vilema, na maradhi ya njia ya hewa yamewaua wengi katika miaka iliyofuata. Hapa siwezi kulegeza neno. Pesa ya boti itapatikana tena.

## Hatua ya 4: Ujiji iende siku moja kabla

Wengi mnataka kuona Ujiji, mahali Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871, na mnapanga kupita pale siku ya kurudi. Haifanyiki. Unarudi umechoka, mzigo umelowa mchanga, unataka kuoga na kulala. Wengine hupita asubuhi ya safari, wakaikosa boti.

Nenda siku ya kuamkia safari. Daladala za Ujiji zinapatikana mjini wakati wote wa mchana, na bajaji ipo kama mko wengi. Jumba la makumbusho lipo pale pale kwenye mnara, chini ya miembe ambayo inasemekana imetokana na ule wa zamani. Saa moja inatosha kwa jumba lenyewe. Ongeza nusu saa ya kushuka kwa miguu hadi ziwani, uone jinsi maji yalivyo mbali na mnara.

Ujiji ilikuwa mwisho wa njia ya misafara kutoka Bagamoyo kupitia Tabora, na waliopita njia hiyo hawakuwa wapagazi na wafanyabiashara tu. Walikuwemo watu waliofungwa minyororo. Tembea ukijua hilo.

Ukitoka hapo, pitia sokoni Mwanga ununue chakula. Dagaa chagua waliokauka kabisa, wanaovunjika kwa kidole. Walio na unyevu watanuka ndani ya tranka, na harufu hiyo ina wateja wake, kama utakavyoona kwenye hatua ya saba.

## Hatua ya 5: Boti

Boti za abiria zinazoelekea vijiji vya kaskazini huondoka Kibirizi, mwalo ulio kaskazini kidogo mwa mji. Kwa kawaida hutoka mchana, saa sita na kuendelea, zikishajaa, na Jumapili usizitegemee. Fika Kibirizi siku moja kabla kuuliza, au tuma mtu. Mwambie nahodha kabisa kwamba unashuka Kasekela, makao makuu ya hifadhi, ili asikupitishe.

Mwendo ni saa mbili hadi nne kutegemea mzigo na mawimbi. Ukiondoka saa nane, unaweza kufika saa kumi na mbili. Hapo ndipo kambi nyingi zinapoharibikia. Kama mko watano au zaidi, changeni mkodi boti yenu na mwondoke asubuhi. Ziwa la asubuhi kwa kawaida limetulia kuliko la mchana, kwa sababu upepo wa kutoka majini huanza kukua jua likishapanda.

Kupakia:

1. Vitu vizito (tranka, mtungi wa gesi, maji) viwekwe chini katikati. Mwambie nahodha kuna mtungi, aupangie mahali mbali na injini na mafuta.
2. Ndoo za nguo zifungwe kamba kwenye ubao wa kukalia. Ndoo iliyobana mfuniko inaelea. Ikianguka majini utaipata.
3. Vaa jaketi okozi na ulifunge. Lililowekwa chini ya makalio halina kazi.
4. Vaa kofia na nguo za mikono mirefu. Boti nyingi hazina kivuli.
5. Kula kidogo tu kabla, na utafune tangawizi kama hukuzoea maji.

Onyo: boti ikiwa imeshiba watu kiasi kwamba maji yanakaribia ukingo, shuka. Na nahodha akisema leo hatuendi, usimshawishi kwa pesa. Ziwa hili lina kina cha mita 1,470 mahali penye kina kirefu zaidi, na hata karibu na ufukwe kina huanza ghafla. Mzee anayelijua akiinua mkono, mwitikie.

Umefanikiwa ikiwa: miguu yako inakanyaga mchanga wa Kasekela saa kumi jioni au kabla.

## Hatua ya 6: Kupiga hema

Hii ndiyo hatua iliyonifanya niandike, kwa hiyo nitaikalia.

Kwanza elewa upepo. Mchana ardhi inapata moto kuliko maji, hivyo hewa inavuma kutoka ziwani kuja nchi kavu. Jioni unapofika, upepo unakupiga usoni ukitazama magharibi, kuelekea milima ya Kongo. Unafunga hema kuuzuia huo. Usiku mambo yanageuka. Milima ya Gombe inayopanda nyuma yako inapoa, hewa baridi inakuwa nzito, na inateremka mabondeni kuja ziwani kama maji yanavyoshuka mtaroni. Ukiwa mdomoni mwa bonde, inakufikia ikiwa na nguvu. Kati ya saa sita na saa tisa usiku hema linapigwa mgongoni, upande ambao hukuufunga.

Nililijifunza hili Julai moja, mimi na binamu yangu. Tulifunga upande wa ziwa kwa ustadi mkubwa. Saa nane usiku nguzo mbili zilikuwa zimevunjika na paa la nje lilikuwa kwenye maji. Tulikaa hadi asubuhi tumejifunika turubai.

### 6.1 Chagua mahali

Askari wa hifadhi atakuonyesha eneo la kambi. Ndani ya eneo hilo wewe ndiye unayechagua hema lisimame wapi.

Tafuta mstari wa majani makavu, vijiti na makombe ulioachwa na mawimbi. Hapo ndipo ziwa linapofika likikasirika. Panda kutoka mstari huo hatua kumi na tano zaidi. Miaka ya karibuni maji ya Tanganyika yamepanda na kula fukwe nyingi za Kigoma, kwa hiyo usimwamini mtu anayekuambia walipiga hema pale miaka kumi iliyopita.

Kaa mbali na mdomo wa kijito, hata kikiwa kikavu. Mvua ikinyesha mlimani, maji yanateremka kabla hujaisikia ufukweni.

Tazama juu. Tawi kavu lisiwe juu ya kichwa chako, na mchikichi usiwe jirani, maana makuti na mikungu yake huanguka bila taarifa. Kisha tazama chini. Ukiona mstari mweusi wa siafu unavuka, hama hatua nyingi, siyo mbili. Siafu hawapindi njia kwa ajili ya hema.

Mahali pazuri ni pembezoni mwa msitu, miti ikiwa kati yako na bonde. Mchanga mtupu karibu na maji unapendeza kwenye picha, lakini pa kulalia ni nyuma ya miti.

### 6.2 Elekeza hema

Chota mchanga mkavu, uudondoshe ukiwa umesimama. Unapoelekea ndiko upepo wa sasa unakokwenda. Sasa geuka uangalie mlimani, ulitafute bonde lililo karibu. Huko ndiko upepo wa usiku utakakotokea.

Upande mfupi na wa chini wa hema uelekee bonde hilo. Mlango usielekee bonde wala ziwa. Ukiuelekeza kaskazini, kwa fukwe nyingi za hapa, unakuwa salama kwa vyote viwili, na hata kusi linakupiga kutoka nyuma. Najua unataka mlango utazame machweo. Machweo yatazame ukiwa umekaa nje. Mlango unaopokea upepo hulifanya hema tanga, na tanga kazi yake ni kusafiri.

### 6.3 Tandika na simamisha

Tandaza turubai la chini, kisha kunja kingo zake ziingie chini ya hema pande zote. Likibaki limechomoza hata kiganja kimoja, litakusanya maji ya mvua na kuyapeleka chini ya mgongo wako.

Weka mizigo mizito kwenye pembe za ndani kabla ya kuinua nguzo, ili upepo usilibebe wakati bado unahangaika.

### 6.4 Nanga za viroba

Vigingi vya chuma vinavyokuja na hema vimetengenezwa kwa udongo. Kwenye mchanga vinatoka kama kisu kwenye siagi. Hapa ndipo viroba sita vinapofanya kazi.

1. Kata vipande sita vya kamba, kila kimoja mita tatu na nusu hadi nne, ili kitoshe kufunga kiroba, kupanda kutoka shimoni na kulifikia hema.
2. Jaza kila kiroba mchanga nusu, kisonge, ukifunge kiunoni kwa kamba.
3. Chimba shimo la kina cha mkono hadi kiwiko. Liwe umbali wa hatua moja na nusu kutoka kwenye pembe ya hema.
4. Laza kiroba, usikisimamishe. Kikiwa kimelala kinazuia mchanga mwingi zaidi mbele yake.
5. Fukia, kanyaga, ongeza mchanga, kanyaga tena. Mchanga ukiwa na unyevu kidogo hushika vizuri zaidi. Mkavu sana mwagia maji ya ziwa.
6. Funga kamba kwenye hema kwa fundo linaloweza kukazwa, ili usiku uweze kukaza bila kufungua.

Viroba vinne ni vya pembe. Viwili vilivyobaki viende upande wa mlimani. Usivifunge upande wa ziwa.

Ukiwa umepata mahali penye udongo wa msitu, tumia vigingi, lakini viinamishe kichwa kielekee mbali na hema. Usikate mti wala tawi kutengeneza kigingi. Uko ndani ya hifadhi, na hilo ni kosa.

### 6.5 Jaribu

Shika kila kamba, uegemee kwa uzito wako wote. Kiroba kikisogea, fukua uanze upya. Usiseme "kitatosha". Halafu nenda upande wa mlimani, usukume hema kwa viganja vyote viwili kwa nguvu ya kumsukuma mtu.

Umefanikiwa ikiwa: hema linabonyea kidogo na kurudi, paa la nje halipigi makofi, na kamba ukizigusa zinalia kama uzi wa zeze.

Jua Kigoma huzama karibu na saa moja usiku, dakika kama arobaini nyuma ya Dar es Salaam. Aliyefika saa kumi ana muda wa kufanya haya yote na bado akaoga.

## Hatua ya 7: Chakula na nyani

Nyani wa ufukweni Gombe wamezoea watu kwa vizazi. Wanajua zipu ni nini. Wanatambua mkoba na sufuria, na wanatofautisha mtu anayetazama na aliyegeuka.

Chakula kisiingie hemani hata dakika moja, hata biskuti, hata ganda la ndizi, hata dawa ya meno. Vyote vikae kwenye tranka, kufuli limefungwa. Kulibana tu hakutoshi. Usiku muulize askari kama kuna chumba cha kuliweka. Kama hakipo, liweke mbali na hema na ulifunge kamba kwenye mti.

Pika mapema, kabla ya saa kumi na mbili, na upike kiasi cha kumaliza. Pika kwa gesi. Kuni za msituni, hata zilizoanguka, ziache.

Nyani akija:

- Simama wima, usikimbie, usimtazame machoni kwa muda mrefu.
- Usimwonyeshe chakula mkononi na usimrushie. Ukimpa mara moja umemfundisha kumnyang'anya mgeni anayekuja kesho, na mgeni huyo anaweza kuwa mtoto.
- Akishachukua, mwache. Meno ya dume ni marefu kuliko unavyodhani.

Harufu ya dagaa inakaa kwenye sufuria. Ioshe mara moja, mbali na ziwa, na maji yake uyamwage kwenye shimo. Usiku nguruwe pori pia hupita kutafuta mabaki.

## Hatua ya 8: Maji ya kunywa na ya kuoga

Maji ya Tanganyika ni angavu hata unaweza kuhesabu mawe chini. Uangavu huo haumaanishi usalama. Chemsha mpaka yatokote kwa nguvu, uyaache yatokote dakika moja nzima, kisha yapoe kwenye chombo kilichofunikwa. Kipindupindu kimewahi kuzuru mwambao huu zaidi ya mara moja.

Kuogelea, muulize kwanza askari wa hifadhi ni wapi. Yeye ndiye anayejua kama kuna mamba aliyeonekana. Epuka penye majani, maji yaliyosimama, midomo ya vijito na karibu na vijiji, kwa sababu konokono wa kichocho hukaa huko. Ukipata muwasho au ukiona damu kwenye mkojo wiki chache baadaye, nenda hospitali na useme uliogelea ziwani. Dawa ya kichocho ipo na inafanya kazi.

Usiingie majini peke yako, wala baada ya giza. Chini panashuka ghafla.

## Hatua ya 9: Usiku

Jipake dawa ya mbu kabla jua halijazama. Kigoma ni mkoa wenye malaria nyingi, na mbu hawakusubiri ulale.

Viatu viingie ndani ya hema. Asubuhi vikung'ute kabla ya kuvivaa, kwa sababu ya nge. Zipu zifungwe hadi mwisho, na tochi ikae mahali pamoja ambapo wote mnapajua.

Kabla ya kulala zunguka hema, kaza kila kamba. Kamba huweza kulegea usiku. Upepo ukikuamsha, toka ukaze tena za upande wa mlimani, urudi kulala.

Radi zikianza karibu, acha hema. Nenda kwenye jengo la hifadhi. Usijikinge chini ya mti mrefu, na usibaki kwenye mchanga ulio wazi.

## Hatua ya 10: Asubuhi ya sokwe

Mwongozaji atakuambia saa ya kuondoka. Ukishalala vizuri, hii ndiyo sehemu utakayoikumbuka maisha yako yote, nami natamani sana kila Mtanzania aione. Mtafiti wa sokwe Jane Goodall alifika ufukwe huu Julai 1960 akiwa na hema, na familia za sokwe alizoanza kuziandika bado zina vizazi msituni humo.

Vaa barakoa. Kaa mita kumi. Usile wala kunywa mbele yao, usielekeze kidole, ongea kwa kunong'ona. Sokwe akikusogelea, rudi nyuma taratibu kama mwongozaji anavyokuelekeza.

Ziwa liko magharibi na milima mashariki, hivyo jua la asubuhi linachelewa kufika ufukweni. Hema lililolowa umande halitakauka kabla ya saa tatu au nne. Liache limesimama wakati uko msituni, bila kitu chochote cha kulika ndani.

## Hatua ya 11: Kuvunja kambi

Jioni ya mwisho mwombe askari akuulizie boti ya kurudi. Zinazotoka vijiji vya kaskazini hupita mapema, nyingine saa moja asubuhi, na hazisubiri mtu anayekunja turubai. Kwa hiyo kila kitu isipokuwa hema na blanketi kifungwe usiku.

Asubuhi anza na viroba. Vifukue vyote sita, uvihesabu, umwage mchanga palepale ulipoutoa, ufukie mashimo. Kiroba kilichoachwa chini kitachimbuliwa na nyani na vipande vyake vitaishia ziwani. Taka zote ziingie kwenye kiroba cha ziada na zipande boti pamoja nawe hadi mjini.

Hema utalikunja likiwa na unyevu, haikwepeki. Lifunge peke yake, lisiguse blanketi. Ukifika unapofikia, lianike kwenye kamba ya nguo siku hiyohiyo, hata kama macho yanafumba. Kuvu huanza usiku wa pili.